Mwanamieleka Aliyekubali Kupambana na Idi Amin

Mwanzoni mwa mwaka 1979 ilitangazwa mjini Tokyo habari iliyowashangaza hata watu wa mieleka ya kulipwa, ambao wamezoea vioja. Antonio Inoki, nyota mkubwa wa mieleka nchini Japani, angepanda ulingoni Kampala mwezi Juni kupambana na Rais wa Uganda, Idi Amin Dada. Refa aliyetajwa ni Muhammad Ali. Promota wa Kijapani aliyepika mpango huo alisema Amin ameshakubali, na hilo halikuwa gumu kuaminika. Amin alianza kurusha ngumi akiwa askari wa King's African Rifles, akawa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950, na hakuchoka kujisifia jambo hilo. Katika vita vya Kagera ilisikika hata rai yake kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi wao kwa ngumi, refa akiwa huyo huyo Ali. Jibu la Dar es Salaam lilikuwa mizinga.

Pambano la Kampala halikufanyika. Habari ilipokuwa inachapishwa Tokyo, wanajeshi wa Tanzania walikuwa wameshavuka mpaka na kuichukua Mutukula. Februari wakaingia Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili 1979, wakiwa pamoja na wapiganaji wa Kiganda waliotoka uhamishoni, wakaiteka Kampala, na Amin akakimbilia Libya. Juni ilipofika, Inoki alikuwa Lahore, Pakistan, akipigana na mtu mwingine kabisa.

Wajapani wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kweli kinachekesha, ingawa mtu wa Kagera anaweza kukosa hamu ya kucheka. Lakini ukiipitia kazi yote ya Inoki tangu 1960 hadi 1998, utaona kwamba pambano na Amin lilikuwa katika mwendo wake wa kawaida. Mieleka ya kulipwa ina siri moja ambayo kila mtu anaijua: mshindi hupangwa kabla ya kengele. Mapromota wengine waliishi na siri hiyo kwa raha zao. Inoki hakuivumilia. Kila alipohisi watazamaji wameanza kutabasamu pembeni, alikwenda kutafuta mpinzani ambaye hakuna angethubutu kusema ameajiriwa kuanguka: mwanajudo wa Olimpiki, bingwa wa ngumi wa dunia, mkuu wa nchi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kanji Inoki, mtoto wa Yokohama, mzaliwa wa Februari 1943. Mwaka 1957 familia yake iliingia kwenye meli ya wahamiaji kwenda Brazil, ambako vijana wa Kijapani walikuwa wakiishia kwenye mashamba ya kahawa. Babu yake alifia safarini. Kanji alichuma kahawa, akawa na mwili mrefu na mikono yenye nguvu, akaanza kung'ara katika michezo ya kurusha tufe na kisahani. Hapo ndipo Rikidozan alipomwona, mwaka 1960, alipokuwa ziarani São Paulo.

Rikidozan anahitaji maelezo kidogo, maana bila yeye Japani isingekuwa na mieleka ya kulipwa. Alikuwa mcheza sumo aliyeacha sumo, akajifunza mieleka ya Kimarekani, na katika miaka ya 1950, televisheni ilipokuwa mpya kabisa nchini humo, watu walijazana barabarani mbele ya skrini kumtazama akiwacharaza wazungu wakubwa kwa makofi ya kifuani. Taifa lililoshindwa vita lilipata dawa yake. Ambacho watazamaji wengi hawakukijua ni kwamba shujaa huyo wa Japani alikuwa Mkorea, mzaliwa wa upande ambao leo ni Korea Kaskazini, na alilificha hilo hadi alipochomwa kisu katika klabu ya usiku mjini Tokyo na kufariki Desemba 1963. Hata dawa ya taifa ilikuwa na siri ndani yake.

Inoki alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1960, akapoteza. Usiku huo huo alianza kijana mwingine wa Rikidozan, Shohei Baba, mrefu kupita mita mbili, aliyewahi kurusha mpira wa besiboli katika timu ya Yomiuri Giants. Baba akashinda. Majina ya hao wawili yatafuatana na kugombana kwa karibu miaka arobaini.

Mwaka 1964 Inoki akapelekwa Marekani kufundwa. Biashara ya mieleka huko ilikuwa imegawanywa kama mashamba: tangu 1948 mapromota walikuwa wameungana katika National Wrestling Alliance (NWA), kila mmoja na eneo lake, na ole wake aingiaye kwa mwenzake bila hodi. Mwanamieleka aliishi garini. Alikaa miezi michache katika eneo moja, akatamba, akapigwa na kipenzi wa pale, akahama. Kwa Mjapani, miaka ishirini na ushei tu baada ya Pearl Harbor, nafasi ilikuwa moja. Kama katika filamu za Kihindi tulizokua nazo, kila ulingo ulikuwa na steringi wake na adui wake, na mtu mwenye sura ya Inoki hakuulizwa angependa kuwa nani. Alipewa majina ya kejeli kama Tokyo Tom na Kazimoto, akazomewa mji baada ya mji hadi 1966.

Aliporudi Japani hakurudi katika kampuni aliyoiacha Rikidozan. Alishawishiwa kujiunga na kampuni mpya, Tokyo Pro Wrestling, iliyoanza Oktoba 1966 na kufa baada ya miezi michache tu. Akarejea kwa wakubwa wake wa zamani, akaunda na Baba timu ya watu wawili iliyopendwa sana, lakini Desemba 1971 akafukuzwa kwa tuhuma za kula njama za kuipindua kampuni. Akiwa na umri wa miaka 28 na bila mwajiri, akaanzisha ya kwake: New Japan Pro-Wrestling.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Baba naye aliondoka mwaka 1972 na kuanzisha kampuni yake, na Wamarekani wa NWA wakampa yeye mkono. Mabingwa wa dunia na mabingwa wa zamani, wote waliosafiri kuja Japani na mikanda yao, walikwenda kwa Baba. Inoki alikuwa na ukumbi, baadaye akapata televisheni, lakini hakuwa na wageni wa maana wa kupigana nao, na katika Japani ya wakati ule mieleka bila mgeni haikuuza tikiti. Mlango mkuu ulipofungwa, akaanza kupita madirishani.

Dirisha la kwanza lilikuwa Karl Gotch. Huyu alikuwa Mbelgiji wa Antwerp, aliyeiwakilisha Ubelgiji katika Olimpiki ya London mwaka 1948, kisha akajifunza mieleka ya kukamatana katika jimu ya Billy Riley huko Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Kule mtu hakufundishwa kuigiza maumivu, alifundishwa kuyasababisha. Marekani haikumpenda Gotch, kwa sababu alikuwa mkali, mgumu wa kushirikiana naye, na asiye na mdomo wa kuuza pambano. Japani ilimpenda kwa sababu hizo hizo, hata ikamwita mungu wa mieleka. Onyesho la kwanza la New Japan, tarehe 6 Machi 1972, lilimalizika kwa Gotch kumshinda Inoki, mwenye kampuni. Ulikuwa uamuzi wa akili: tajiri aliyepigwa siku ya ufunguzi huaminika zaidi. Gotch akabaki mwalimu wa vijana wa kampuni, akiwachosha kwa kuchuchumaa na kuinuka mamia ya mara, zoezi lililotokana na wapiganaji wa India, kabla hajawaonyesha namna ya kuvunja kiungo.

Dirisha la pili lilikuwa la vituko zaidi. Novemba 1973 Inoki alikuwa akitoka dukani na mkewe, mwigizaji maarufu Mitsuko Baisho, katika mtaa wa Shinjuku wenye watu wengi kupita kiasi. Akatokea Tiger Jeet Singh, Mkanada mzaliwa wa India, na wenzake, wakamshambulia pale pale njiani mbele ya wapita njia. Polisi wakaingilia, magazeti yakaandika. Je, lilipangwa? Swali hilo hilo ndilo lililouza tikiti. Juni 1974 wawili hao walipokutana Osaka, Inoki aliushambulia mkono wa Singh hadi ikatangazwa kwamba umevunjika.

Lakini mtaa wa Shinjuku ulikuwa mdogo kwa tamaa yake. Februari 1976 alimleta Willem Ruska, Mholanzi aliyetwaa medali mbili za dhahabu za judo katika Olimpiki ya Munich ya 1972, akamshinda katika ukumbi wa Budokan. Huo ukawa mwanzo wa mfululizo wa mapambano kati ya mieleka na michezo mingine. Nalo jina kubwa kuliko yote lilikuwa tayari limejileta lenyewe: Ali, katika maneno yake ya kawaida ya kujigamba, alikuwa amemwambia kiongozi mmoja wa mieleka ya ridhaa wa Japani kwamba atampa dola milioni moja Mwasia yeyote atakayempiga. Ali aliongea namna hiyo kila siku. Inoki akalichukua neno kwa neno, akaahidi dola milioni 6, na Ali akasaini.

Pambano lilifanyika Budokan tarehe 26 Juni 1976. Watu wa pande mbili wamebishana tangu siku hiyo kama Ali alisafiri akidhani anakwenda kwenye maonyesho. Lililo wazi ni kwamba kambi yake, ilipoona Inoki anavyofanya mazoezi, ilidai masharti makali: kumbwaga mtu marufuku, na teke lisipigwe ila goti moja likiwa chini. Inoki akatafuta mwanya ndani ya masharti yenyewe. Kengele ilipolia alikimbia, akateleza chini, akalala chali, na kwa karibu raundi zote 15 akawa anampiga Ali mateke ya miguuni kutoka sakafuni. Ali alimzunguka akimtukana na kumwita ainuke. Katika raundi 15 bingwa wa dunia alirusha ngumi sita tu. Refa Gene LeBell na majaji wakatoa sare, na ukumbi ukatupa takataka ulingoni ukidai fedha zake.

Dunia ilicheka. New York, katika uwanja wa Shea, watu zaidi ya 32,000 waliolipa kuona pambano hilo kwenye skrini pamoja na mieleka ya palepale waliondoka wakinung'unika. Kampuni ya Inoki ikabaki na madeni mazito. Na bado, miguu ya Ali haikuwa inaigiza: ilivimba, damu ikaganda ndani yake, akalazwa hospitali. Kati ya mapambano yote ya Inoki, lile lililoitwa la uongo kuliko yote ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote. Ilichukua miaka kama ishirini, hadi mapigano mchanganyiko yalipoenea kuanzia 1993, kwa watazamaji kuelewa kwamba mtu aliyelala chali akipiga mateke hakuwa mwoga.

Ali hakuweka kinyongo. Alimpa Inoki muziki uliotumika katika filamu ya maisha yake ya 1977, wenye ule mwito wa Kilingala ambao Wakongo walimshangilia nao Kinshasa alipomwangusha George Foreman Oktoba 1974: "Ali, boma ye!" Inoki aliingia ulingoni kwa muziki huo hadi alipostaafu, jina lake likiwa limechukua nafasi ya la Ali. Maelfu ya Wajapani wakawa wanaimba Kilingala kila Ijumaa usiku bila kujua ni Kilingala.

Miezi sita baada ya Ali, Inoki alikuwa Karachi. Huko kulikuwa na ukoo wa Gama Mkuu, mpiganaji wa India ya kikoloni aliyekwenda London mwaka 1910 na kuwatia hofu mabingwa wa Ulaya. Mpwa wa Gama, Akram, alimwalika Inoki akitaka kuthibitisha kwamba jina la ukoo bado lina uzito. Tarehe 12 Desemba 1976, mbele ya uwanja uliojaa, mipango yoyote iliyokuwapo ilivurugika. Inoki alidai baadaye kwamba Akram alimng'ata. Katika raundi ya tatu akaushika mkono wa Mpakistani huyo kwa mkamato aliofundishwa na Gotch, akausokota nyuma, na bega likaachia. Uwanja ukanyamaza. Kwa familia iliyojiona haishindiki kwa vizazi, lilikuwa pigo kama la msiba.

Ndiyo maana ya Lahore, Juni 1979, mwezi ule ule ambao Kampala ingekuwa na sherehe yake kama historia ingempendelea Amin. Ukoo wa Gama ulimwandaa kijana wa chini ya miaka 20, Zubair, aliyejulikana kama Jhara, mahsusi kulipa kisasi. Pambano lilimalizika kwa sare baada ya raundi tano, na Inoki, badala ya kubishana, akaunyanyua mkono wa kijana huyo juu. Pakistan ikamsamehe pale pale.

Miaka ya 1980 inaweza kupitwa haraka, ingawa kwa mashabiki ndiyo miaka ya dhahabu. New Japan ilikuwa na Tiger Mask, ilikuwa na Stan Hansen, na ilimwona Hulk Hogan kabla Marekani haijajua thamani yake. Tarehe 2 Juni 1983 Hogan alimzimisha Inoki katika fainali ya mashindano ya IWGP ambayo Inoki mwenyewe aliyabuni ili ayashinde. Alilala ulimi nje, akapelekwa hospitali. Mwaka huo huo ilibainika kwamba fedha nyingi zilikuwa zikizama katika mradi wake wa Brazil wa kugeuza mabaki ya miwa kuwa nishati na chakula cha mifugo, na wenzake wakamwondoa uongozini kwa muda. Mwaka 1987 alipigana na mwanamieleka mwenzake Masa Saito kwa zaidi ya saa mbili katika kisiwa cha Ganryu, bila mtazamaji hata mmoja, mahali ambapo samurai Miyamoto Musashi anakumbukwa kumuua Sasaki Kojiro. Desemba mwaka huo mashabiki wakafanya fujo katika ukumbi wa sumo wa Tokyo kwa hasira ya kudanganywa na ratiba, na kampuni ikafungiwa ukumbi. Mtu aliyetaka kuaminiwa kuliko wote alikuwa pia hodari wa kuwachokoza waliomwamini.

Alistaafu tarehe 4 Aprili 1998 katika Tokyo Dome, Ali akiwa miongoni mwa wageni. Kustaafu kwenyewe hakukuiachia kampuni nafasi ya kupumua. Alipoona mapigano mchanganyiko yanapendwa, akawasukuma wanamieleka wake waende huko kuthibitisha kwamba mieleka ni halisi. Tarehe 31 Desemba 2001 Yuji Nagata, mmoja wa walio bora kati yao, alizimishwa na mpiganaji Mirko Cro Cop kwa sekunde 21. Mieleka ilijibiwa swali ambalo biashara nzima ilikuwa imejengwa ili lisijibiwe. Kumbi zikapungua watu, na mwaka 2005 Inoki akauza hisa zake kwa Yuke's, kampuni ya michezo ya kompyuta. New Japan ilifufuka baadaye kwa kurudi kwenye mieleka tupu, na ilikuwa imenawiri tena Inoki alipofariki tarehe 1 Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 79.

Siasa ilimpa ulingo mwingine. Julai 1989 alichaguliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge la Japani kupitia chama chake cha michezo na amani, miezi mitatu tu baada ya kuwaleta wanamichezo wa Kisovieti Tokyo Dome. Mwaka uliofuata Saddam Hussein, baada ya kuivamia Kuwait, aliwazuia raia wa kigeni wasitoke Iraq, Wajapani wakiwamo. Serikali ya Tokyo ilisitasita. Inoki akaenda, akaandaa tamasha la michezo Baghdad mwanzoni mwa Desemba 1990, na mateka wa Kijapani wakaachiwa. Katika safari zake za huko alisilimu mjini Karbala, ingawa watu wengi walikuja kulijua hilo baada ya miaka mingi, akiitwa Muhammad Hussain Inoki.

Aprili 1995 aliwapeleka wanamieleka Pyongyang, mji mkuu wa nchi alikozaliwa mwalimu wake Rikidozan. Kwa siku mbili uwanja wa Mei Mosi ulijazwa watu waliohesabiwa na waandaaji kupita laki moja na nusu kila siku, na katika pambano la mwisho Inoki akamshinda Mmarekani Ric Flair. Ali alikuwapo tena. Miezi michache baadaye Inoki akapoteza kiti chake cha ubunge.

Alikirudia mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 70, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwenda tena Korea Kaskazini bila ruhusa ya Baraza. Wenzake wakamsimamisha kwa siku 30. Agosti 2014 alirudi Pyongyang na kundi jipya la wapiganaji, safari hii akiwamo Mmarekani Bob Sapp.